Nani Atamwimba Mchuma Chai?

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Walisema hivyo kwa kuwa katika zama zao mtu aliyecheza vizuri mbele ya watu wake alitupiwa fedha na kuvikwa nguo, na sifa zake zilichukuliwa kutoka kijiji hata kijiji. Nimeitafuta maana ya methali hiyo katika milima ya Kisii na Nyamira, wala sikuiona. Niliyoyaona ni kinyume chake. Mwimbaji wa mbali hutunzwa kwa sifa na mapenzi, na mwimbaji wa nyumbani hununuliwa chupa moja ya bia, akasahauliwa kabla ya kupambazuka. Kwa hiyo insha hii si ya kusifu. Ni mashtaka, na washtakiwa ni sisi tuliosoma, pamoja nanyi vijana mnaotufuata katika njia hiyo hiyo.

Chanzo cha mashtaka haya ni mazungumzo madogo. Asubuhi moja wakati wa likizo niliketi juu ya ukuta mfupi wa kituo cha kupokelea majani ya chai katika Nyamira. Akina mama walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, wakingoja mizani. Karibu nami aliketi kijana wa shule ya sekondari, simu mkononi na nyaya masikioni, akitikisa kichwa kwa furaha. Nilimwuliza anasikiliza nini. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, ni Mmarekani mmoja aitwaye Bruce Springsteen. Huyu si kama wengine. Huimba watu wa kawaida: mtu aliyefungiwa kiwanda, fundi wa magari, askari aliyerudi vitani akakosa kazi." Macho yake yaling'aa alipokuwa akisema. Nikamwuliza tena, "Na watu wa kawaida wa hapa, mwanangu, ni nani anayewaimba?" Akacheka. "Wa hapa ni waimbaji wa baa tu, mzee." Wakati huo huo mwanamke mmoja alikiinua kikapu chake akakitundika katika mizani. Karani aliita namba yake ya mkulima, akaandika kilo. Alikuwa mama wa kijana yule. Kijana hakugeuza uso, kwa maana alikuwa amekwisha rudi katika wimbo wake.

Sikusudii kumlaumu kijana kwa kumpenda Mmarekani. Mapenzi yake yana sababu njema, na yafaa tuzitaje sababu hizo ili tujue ni kitu gani hasa tunachokisifu. Springsteen alizaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey, katika nyumba isiyokuwa na mali, na baba yake alihangaika kutoka kazi hata kazi, mara dereva wa basi, mara kibarua wa kiwandani. Mwaka 1982, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri, alitoa santuri iitwayo Nebraska, ambayo aliinasa nyumbani kwake kwa gitaa, kinanda cha mdomo na chombo kidogo cha kanda. Angeweza kuajiri wapigaji mia, lakini aliona kwamba habari za watu wanyonge hazihitaji tarumbeta.

Tazameni mfano mmoja. Katika mji wa Youngstown, jimbo la Ohio, watu walifua chuma kwa vizazi vingi. Tarehe 19 Septemba 1977 ilitangazwa kwamba kiwanda kimoja kikubwa kitafungwa, na watu wapatao 5,000 wakajua kuwa kazi yao imekwisha. Magazeti yaliandika habari hiyo, kisha yakaandika nyingine, kama ilivyo desturi ya magazeti. Mwaka 1995, miaka 18 baadaye, Springsteen alitoa wimbo ulioitwa kwa jina la mji huo, na anayesema ndani ya wimbo ni mfua chuma mwenyewe. Watu wa dunia nzima ambao hawatakanyaga Ohio maisha yao yote wakajua kwamba palikuwa na mji huo, na moto wake, na uchungu wake.

Kabla yake alikuwako Woody Guthrie, aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1912. Tarehe 28 Januari 1948 ndege ilianguka katika bonde la Los Gatos, California, ikaua watu 32. Wanne kati yao walikuwa rubani na wenzake wa kazi pamoja na mlinzi mmoja. Wale 28 walikuwa vibarua wa mashamba, watu wa Meksiko waliokuwa wakirudishwa kwao. Habari zilizoenea katika nchi zilitaja majina ya wale wanne, na hao wengine zikawafunga pamoja katika neno moja, wafukuzwa, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni. Guthrie alighadhibika, akatunga shairi la kuwalilia watu walionyimwa majina, na baadaye Martin Hoffman akalitia sauti. Guthrie alifariki mwaka 1967, lakini wimbo haukufariki. Mwaka 2013, miaka 65 baada ya ajali, jiwe liliwekwa juu ya kaburi la vibarua hao mjini Fresno, na juu ya jiwe hilo yamechongwa majina yao wote.

Hapo ndipo ilipo heshima ya mwimbaji wa watu wa kawaida. Huyaita majina yasiyoitwa. Wafalme wana wapiga zumari wao, na matajiri wana magazeti yao, lakini kibarua hana mtangazaji ila mtunzi mmoja mwenye moyo. Anayeupenda wimbo wa namna hiyo ameonyesha kuwa naye ana moyo. Swali langu ni moja tu: moyo huo wa kijana wetu huenda wapi anaposhuka kutoka Ohio na kutua Nyamira?

Sasa na tutazame nyumbani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Ardhi imegawanywa kati ya baba na wana, na kati ya wana na wajukuu, hata mashamba mengine yamekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka mlima mpaka mtoni. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, wanawake huingia katika chai na vikapu mgongoni, wakachuma majani mawili na chipukizi moja, majani mawili na chipukizi moja, mpaka vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Majani hayo huenda Nyansiongo, Kebirigo, Sang'anyi, Kiamokama, Ogembo, na viwanda vingine, kisha huvuka bahari, na anayeyanywa London hajui ni vidole vya nani vilivyoyachuma.

Huko Tabaka watu huchimba mawe laini, wanaume wakayachonga kwa panga na visu, na wanawake wakayasugua kwa msasa ndani ya maji mpaka yang'ae. Sanamu hizo husafiri hata Ulaya na Marekani, na mara nyingi chini yake hakuna jina la aliyezichonga. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mama wa ndizi hufika na giza na kuondoka na giza. Hawa ndio watu wetu wa kawaida. Hawana upungufu wa habari za kuimbwa.

Tena wana msiba unaofanana na ule wa Youngstown. Kwa miaka mingi watu wengi wa Gusii wamekwenda kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho na Sotik. Huko mashine za kuchumia zimeingia zikachukua nafasi ya mikono, na mwezi wa Mei 2023 hasira za watu zilipanda hata mashine kadhaa zikachomwa moto huko Kericho. Mimi sisifu uchomaji wa mali ya mtu. Nasema tu kwamba mahali palipowaka moto wa namna hiyo palikuwa na maneno mengi ambayo hayakupata mdomo. Mfua chuma wa Ohio alipofungiwa kiwanda alipata wimbo. Mchuma chai aliyerudishwa nyumbani na mashine ana wimbo gani? Kijana wangu alikuwa akiwahurumia watu wa Youngstown, na ng'ambo ya kilima alichokitazama, Youngstown nyingine ilikuwa ikifungwa kimya kimya.

Yamkini mtu atasema kwamba sisi hatuna desturi ya kazi hiyo. Tunayo, na ni ya zamani. Tunayo obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi 8, ambacho bakuli lake la mti limewambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya kuvuma, kama sauti ya mzee aliyenyamaza kwa muda mrefu kabla ya kusema. Mpigaji wake huketi, akapiga na kuimba mwenyewe. Hualikwa harusini na katika sherehe za nyumba, naye husifu, hukejeli, huonya na kukumbusha. Gitaa lilipofika halikukuta watu mabubu. Muziki wa benga ulizaliwa magharibi ya Kenya, hasa kwa Waluo, katika miaka ya 1950 na 1960, ukavuka hata Gusii na kupata lugha mpya. Marehemu Christopher Monyoncho aliimba benga kwa Ekegusii, na nyimbo zake zilisikika redioni, harusini na katika magari ya abiria, hata watu wazima wa leo wanaweza kuziimba pasipo kuulizwa mara mbili. Henry Sagero naye ni katika waliolichukua gitaa hilo wakaliimbisha Ekegusii. Kama watu hawa wangalizaliwa New Jersey, vijana wetu wangalibandika picha zao ukutani.

Najua wapinzani wangu watasema nini, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Hizo ni nyimbo za baa." Ni kweli kwamba nyingi huimbwa huko. Lakini ni nani aliyezipeleka huko? Tulizifungia mlango wa shule, tukazifungia ukumbi wa mikutano, kisha tukashangaa kuzikuta mahali pekee palipobaki wazi. Na huyo Springsteen tunayemheshimu alijifunzia kazi wapi? Alianza katika vilabu vya pombe vya mji wa Asbury Park, mbele ya walevi, kama walivyoanza wenzake wa Kisii. Kilabu hakikumvunjia Mmarekani heshima yake. Kwa nini kimvunjie Mgusii?

Wa pili husema, "Lugha yenyewe ni ndogo. Ukiimba kwa Ekegusii nani atakusikia?" Huyu nampa hesabu. Nchi ya Iceland ina watu wasiofika 400,000. Kisii na Nyamira peke yake zina watu zaidi ya mara nne ya hao. Hata hivyo watu wa Iceland hawakuona haya kuandika kwa lugha yao, na mwaka 1955 mwandishi wao Halldór Laxness alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Lugha haipimwi kwa wingi wa wasemaji, bali kwa ujasiri wao. Lakini sisi ujasiri huo tuliuua tangu utotoni. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, akawa kichekesho cha wenzake mpaka atakapomnasa mwingine wa kumvika. Mtoto aliyelelewa hivyo atawezaje kuusikiliza wimbo wa lugha hiyo bila ya kutazama nyuma kwa hofu? Wahenga walisema, "Mkataa kwao ni mtumwa," na kibao kile kilikuwa mnyororo.

Tena kuna maneno ambayo hayatafsiriki bila hasara. Katika Ekegusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mgeni akimsikia mwimbaji anamlilia "baba" atadhani amefiwa na mzazi wa kiume, kumbe ni yule aliyembeba mgongoni. Mtu wa Gusii hahitaji kuelezwa, kwa maana neno hilo humshika kooni kabla halijamfika akilini. Springsteen, pamoja na ustadi wake wote, hawezi kuliimba neno hilo. Asipoliimba Mgusii halitaimbwa na mtu.

Wa tatu husema, "Waimbaji wetu humwimba mwenye fedha. Mwanasiasa akiwalipa, humpamba hata kwa sifa za malaika." Hoja hii ina uzito kuliko zile mbili, wala sitaikwepa. Nyimbo za kununuliwa zipo, na ni aibu. Mwimbaji anayeliuza jina la tajiri katika kila ubeti ameacha kazi yake, na mimi simtetei. Lakini na tuulize njaa hiyo ilitoka wapi. Mtu huimba usiku kucha, na asubuhi nyimbo zake zimenakiliwa katika maduka ya mitaani, zikauzwa, na senti hata moja isimfikie. Redio huzipiga, magari huzipiga, harusi huzipiga, na yeye mwenyewe hana nauli. Kisha huja mwanasiasa na noti mkononi. Kama wasikilizaji wangelimlipa mwimbaji haki yake, asingelihitaji kuimba kwa ajili ya mtu mmoja. Tunayemlaumu kwa kuuza ulimi wake, sisi ndio tulioununua kwa bure kabla ya tajiri kuununua kwa fedha.

Wa nne ni mwalimu, naye husema, "Wimbo si fasihi. Fasihi ni vitabu." Huyu alipaswa kujua zaidi kuliko wote. Mwaka 2016 tuzo ile ile ya Nobel ya fasihi alipewa Bob Dylan, mtunzi wa nyimbo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Siti binti Saad wa Zanzibar alizaliwa shambani Fumba, akatembeza vyungu vya udongo mitaani kabla ya kuwa mwimbaji. Watu wakubwa walimcheka kwa unyonge wa asili yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikanaswa katika santuri, na nyimbo zake ziliyasema mambo ya mitaani na ya mahakamani ambayo wengine waliyanong'ona. Shaaban Robert, ambaye hakuna shule ya Kiswahili isiyolijua jina lake, aliona maisha ya muuza vyungu huyu yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Ikiwa kalamu ile haikuona haya, kalamu zetu zinaona haya ya nini?

Baada ya kuwajibu hao, napenda kuwaonya na wale watakaokubaliana nami upesi mno. Kuwapenda waimbaji wa nyumbani si kupenda kila wanachoimba. Zipo nyimbo zinazowatukana wanawake, na zipo zisizo na kitu ila kelele. Wimbo upimwe kwa maneno yake, na kupima huko kunahitaji sikio. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan, akitafuta kura katika New Jersey, alimsifu Springsteen kwa nyimbo zake zenye ujumbe wa matumaini. Wakati ule wimbo uliokuwa ukivuma ni Born in the U.S.A., na watu wengi waliucheza kama wimbo wa kujivunia taifa, kwa kuwa ngoma yake ni ya nguvu. Kumbe ndani yake ni askari wa vita vya Vietnam anayelalamika kwamba amerudi nyumbani akakosa kazi na pa kwenda. Miguu yao ilicheza na masikio yao yalilala. Sisi nasi tunafanya hivyo hivyo katika harusi zetu. Tunacheza benga mpaka vumbi linapanda, na kesho yake hatuwezi kusema mwimbaji alisema nini.

Kuna njia njema ya kumpokea mwimbaji wa mbali, na majirani zetu walituonyesha zamani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, ng'ambo ya mipaka ya Nyamira. Aliwakuta wasichana wakiimba habari za kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu mnyama. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika magari-moshi, akaimba habari za wafanyakazi wa reli na watu wasio na makao, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku pamoja na gramafoni. Wasichana hawakulitupa jina lake, wala hawakujitupa wenyewe kwa ajili yake. Walilitamka kwa ulimi wao, wakalipigia kinubi chao, wakamwalika mgeni aje acheze nao. Hivyo ndivyo watu wenye heshima wapokeavyo mgeni: humkaribisha ndani ya nyumba, lakini hawaivunji nyumba ili kumfurahisha.

Tujifunze na jambo la pili katika habari hiyo. Nyimbo zile zilihifadhiwa kwa sababu mgeni alikuja na chombo chake, na zilikaa Afrika Kusini zaidi ya miaka 60 kabla ya kurudishwa kwa Wakipsigis. Wapiga obokano wetu wazee wanapungua kila mwaka. Je, tutamngoja mgeni mwingine? Kila kijana mwenye simu mfukoni ana chombo bora kuliko alichokuwa nacho Tracey, lakini yeye hukitumia kupokea tu, hakitumii kutunza.

Basi ninyi vijana, mashtaka yangu yasiwe maneno matupu. Nawaomba mambo manne, na yote yako katika uwezo wenu.

La kwanza, sikilizeni. Keti na babu au bibi, umwombe akuimbie wimbo mmoja wa ujana wake, na umwulize kila neno usilolijua. Usimhurumie kwa kusikiliza, kwa maana ni yeye anayekupa.

La pili, andikeni. Chukua daftari, mwombe mwimbaji ruhusa, uandike maneno yake, jina lake, mahali na tarehe. Wimbo ulioandikwa bila ya jina la mwenyewe ni sanamu ya Tabaka isiyo na jina chini yake, na sisi tumekwisha choka na sanamu hizo.

La tatu, lipeni. Usinakili wimbo wa kuibwa kisha ukajiita mpenzi wa muziki. Anayempenda mwimbaji kwa kumnyima chakula anampenda kama chui ampendavyo mbuzi.

La nne, tungeni. Kama umeshikwa na Springsteen, mfuate kwa matendo. Yeye hakuimba habari za Nyamira kwa kuwa hakuzaliwa Nyamira. Aliimba mtaa wake, baba yake, kiwanda cha jirani yake. Kumwiga kwa haki si kuiga sauti yake ya pua wala gitaa lake. Ni kumtazama mtu aliye karibu nawe kama alivyomtazama yeye mtu aliye karibu naye. Wahenga walionya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Msala wa mgeni ni mzuri na tuusifu, lakini utapita na mwenyewe, na sisi tutabaki na mkeka wetu au na udongo mtupu.

Narudi kwa kijana wa kituo cha chai. Mashine ya simu yake ilipozimika kwa kukosa moto, alitoa nyaya masikioni, akaona kwamba mama yake amekwisha pima na anashuka kilimani na kikapu kitupu. Aliruka ukutani akamfuata, akakipokea kikapu. Sikusikia walizungumza nini. Ninalijua moja tu, kwamba mizani ilikuwa imekwisha andika kilo za mwanamke yule, na karani alikuwa amekwisha andika namba yake. Jina lake halikuandikwa mahali popote asubuhi ile. Kazi hiyo haikuwa ya karani, wala si ya Mmarekani. Ilikuwa ya mwanawe, na ni yenu ninyi nyote mnaosoma maneno haya, ambao mama zenu pia wana majina.